Ngome za Konokono wa Ziwa Tanganyika

Msafara wa wapelelezi Waingereza Richard Burton na John Hanning Speke ulipoingia Ujiji, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, Februari 1858, viongozi wake wote wawili walikuwa hoi. Burton homa ilikuwa imemnyong'onyeza, hata kusimama kwa taabu. Speke macho yalikuwa yanamuuma, na ziwa walilolifuata kwa zaidi ya miezi 7 tangu watoke pwani aliliona kama ukungu tu. Ajabu ni kwamba huyo huyo ndiye aliyekuja kuwafikishia wanasayansi wa Ulaya kitu ambacho wengi wenye macho mazima wangekikanyaga ufukweni wakapita: magamba ya konokono.

Magamba hayo yalifika London, na mwaka 1859 Samuel Woodward wa Jumba la Makumbusho la Uingereza akayapa majina ya kisayansi. Konokono mmoja leo anaitwa Spekia zonata, kwa heshima ya Speke. Mwingine Woodward alimpa jina la nassa, ambalo wataalamu wa wakati ule walikuwa wakiwaita konokono fulani wa baharini. Anayelishika gamba la huyo wa pili haoni ajabu. Limekazana, lina matuta, na asiyeambiwa limetoka wapi angeapa kwamba limeokotwa Bagamoyo au Lamu.

Hapo ndipo fumbo lilipoanzia. Konokono wa maji baridi tunaowajua, wale wa madimbwi, mifereji ya mpunga na kingo za mabwawa, ambao baadhi yao hubeba vijidudu vya kichocho, wana magamba membamba. Libane moja kati ya kidole gumba na cha shahada, linapondeka. Wa Tanganyika si hivyo. Kuna wenye matuta yaliyojipanga safu kwa safu kuzunguka gamba lote. Kuna wenye midomo iliyonenepa kama ukingo wa chungu. Yuko Tiphobia horei, aliyepewa jina la Edward Hore, mmisionari na baharia aliyefika Ujiji mwaka 1878. Yeye gamba lake limechomoza miiba mirefu pande zote. Ziwa hili lina spishi zaidi ya 50 za konokono, na wengi wao hawapatikani mahali pengine popote duniani.

Mwingereza mwingine, John Edmund Sharrock Moore, aliyatazama magamba hayo akashawishika kwamba amegundua siri kubwa. Alifika ziwani mara mbili, katika safari za miaka ya 1895 hadi 1896 na 1899 hadi 1900, na mwaka 1903 akachapisha kitabu alichokiita The Tanganyika Problem, yaani Tatizo la Tanganyika. Hoja yake ilikuwa hii: konokono hawa wanafanana na wa bahari kwa sababu ni wa bahari. Zamani za kale mkono wa bahari ulifika hadi katikati ya Afrika, ukakatika, maji yakapoteza chumvi, na viumbe wakabaki humo kama mateka.

Ilikuwa hoja ya kuvutia, lakini haikuwa kweli. Ziwa Tanganyika lilizaliwa Bonde la Ufa lilipopanuka, miaka kati ya milioni 9 na 12 iliyopita kwa makadirio yanayotumika sana, na halijawahi kuunganika na bahari. Ukifuatilia ukoo wa konokono wake, ndugu zao ni konokono wa maji baridi, wala si wa baharini. Moore alikosea jibu, ila swali lake lilikuwa zuri kuliko majibu mengi sahihi. Kama konokono hawa hawakutoka baharini, ufundi wa kujenga magamba ya baharini waliupata wapi?

Kulijibu swali hilo kunahitaji kwanza kulielewa gamba lenyewe.

Konokono hajengi nyumba akahamia. Nyumba hukua naye. Utando wa nyama ulio kwenye mdomo wa gamba hutandaza kwanza ngozi nyembamba ya protini, na chini ya ngozi hiyo hupanga fuwele za kalsiamu kaboneti, chembe kwa chembe, kwa kalsiamu inayotoka kwenye maji na chakula. Ni madini yale yale yaliyomo kwenye mawe ya chokaa yanayochimbwa Wazo, Dar es Salaam. Ni yale yale yaliyomo kwenye matumbawe ambayo mafundi wa Kilwa, Lamu na Unguja waliyachoma kwenye matanuri kupata chokaa ya kujengea misikiti na majumba. Kwa moluska wengi, madini hayo ni karibu asilimia 95 ya uzito wa gamba, au zaidi. Kinachobaki ni protini na vitu vingine laini, kiasi kidogo mno.

Na chokaa, kama chokaa, si kitu cha kujengea ngome ya kuvaa mgongoni. Fuwele yake ni ngumu lakini haina subira. Ufa ukianza upande mmoja, unapita moja kwa moja hadi upande wa pili. Ugumu ni jambo moja, kustahimili ufa ni jambo jingine kabisa: kioo ni kigumu kuliko ubao, lakini ukiviangusha vyote viwili sakafuni, utakachofagia ni kioo. Moluska hana namna ya kuibadilisha chokaa iwe kitu kingine. Anachoweza ni kuipanga.

Namna ya kupanga inayojulikana zaidi ni ile iliyo ndani ya kombe la chaza, pale penye mng'ao wa lulu. Ukipatazama kwa hadubini kali unaona vibao bapa, kila kimoja kikiwa na unene wa takriban nusu ya maikromita, vimelazwa kama matofali na kuunganishwa kwa utandu mwembamba wa protini. Zaidi ya vibao 100 vikibebana ndipo unapata unene wa unywele wa binadamu. Ufa ukiingia humo hauwezi kwenda moja kwa moja. Unalazimika kuzunguka kila kibao, na vibao vyenyewe huteleza kidogo bila kuachana, na kila mtelezo unaipunguza nguvu ya pigo. Mwaka 1977 John Currey, wa Chuo Kikuu cha York nchini Uingereza, alichapisha vipimo vilivyowafumbua macho wahandisi juu ya ukuta huo mdogo. Tangu hapo imekuwa kawaida kutaja kwamba kuuvunja kunahitaji nishati mara 3,000 hivi ya ile ya kuvunja madini matupu.

Konokono wa Tanganyika, hata hivyo, hawakuchagua matofali. Walichagua mbao.

Seremala yeyote anaijua plaiwudi. Ubao mmoja mwembamba hupasuka kwa urahisi kufuata nyuzi zake, kwa hiyo kiwandani hugundishwa karatasi kadhaa za mbao, nyuzi za moja zikikatisha zile za nyingine. Ufa unaoifuata karatasi ya kwanza unagonga ukuta unapofika ya pili. Gamba la konokono wengi limejengwa kwa kanuni hiyo hiyo, na kwa uangalifu unaomshinda seremala: vijiti vidogo vimefungwa kuwa vibao, vibao vimefungwa kuwa mbao, mbao zikawa tabaka, na katika kila hatua mielekeo inapishana.

Aliyechunguzwa zaidi kwa ujenzi huu ni konokono mkubwa wa Bahari ya Karibi, Strombus gigas, yule mwenye mdomo mpana wa rangi ya waridi. Mwaka 2000, watafiti wa Chuo Kikuu cha Case Western Reserve, huko Cleveland nchini Marekani, walieleza katika jarida la Nature jinsi gamba lake linavyovunjika, au tuseme jinsi linavyokataa kuvunjika. Karibu asilimia 99 ya gamba hilo ni madini, na bado kulivunja kunataka nishati mara 1,000 hivi zaidi ya madini peke yake. Pigo likilipata, tabaka la nje na la ndani hupata nyufa ndogo nyingi badala ya ufa mmoja mkubwa. Nyufa hizo zikifika tabaka la katikati, ambalo vibao vyake vimelala kwa mwelekeo mwingine, hunasa. Gamba limejeruhiwa kila mahali, lakini bado ni zima.

Sasa turudi kwenye swali la Moore, na kwa mtu aliyefungua njia ya kulijibu. Geerat Vermeij alizaliwa Uholanzi mwaka 1946 na akawa kipofu tangu akiwa na miaka 3. Familia yake ilihamia Marekani, na huko, darasa la nne, mwalimu wake alileta magamba kutoka fukwe za Florida. Mtoto yule aliyapapasa akashangaa: mbona haya yamenakshiwa na kulainishwa hivi, na yale aliyoyazoea kwenye fukwe za baridi yalikuwa na chengachenga tu? Swali hilo akalifanya kazi ya maisha. Akiwa profesa, hatimaye wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis, alisafiri pwani za dunia akisoma magamba kwa ncha za vidole, na vidole vikamwambia jambo ambalo macho ya wengi yalilipita. Magamba yana makovu.

Kaa akishindwa kumponda konokono, huacha mdomo wa gamba umekatika. Konokono akinusurika hujenga tena kuanzia pale palipovunjika, na mstari wa kuungia haufutiki maisha yake yote. Vermeij aliyachukua makovu hayo kama kumbukumbu za vita. Mahali penye kaa wenye nguvu na samaki wenye taya za kuponda, alikuta magamba yenye kuta nene, midomo myembamba, meno mdomoni na matuta. Kila adui alipoongeza nguvu ya gando, vizazi vya konokono waliobaki hai vilikuwa vile vyenye magamba imara zaidi, na kaa aliyeweza kula alikuwa yule mwenye gando kubwa zaidi. Mashindano hayo yaliendelea hivyo kwa mamilioni ya miaka.

Wasomaji wa pwani wana ushahidi wake mikononi. Kete, yule kauri mdogo, ana mgongo wa kuba na mdomo ambao ni ufa mwembamba wenye meno pande zote mbili. Gando la kaa halina pa kushika. Dondo, kauri mkubwa mwenye madoa, gamba lake ni laini na imara kiasi kwamba washona kofia wamelitumia kukandamizia na kulainisha kitambaa. Bahari ya Hindi na Pasifiki ndizo Vermeij alizoziona kuwa na magamba yaliyojihami zaidi, kuliko hata yale ya Atlantiki ya kitropiki.

Katika maji baridi hali ni tofauti. Mito hukauka, mabwawa hujaa tope, maziwa mengi hayadumu muda mrefu, na mara nyingi maji yana kalsiamu haba. Mashindano ya kaa na konokono hayapati muda wa kukomaa. Mwaka 1978, Vermeij na mwenzake Alan Covich waliandika juu ya tofauti hiyo, na ziwa la kale kama Tanganyika likawa mahali pa kutazamia kinyume chake. Lina umri wa kutosha. Lina kina cha mita 1,470, kwa hiyo halikukauka. Maji yake yana asili ya magadi, na gamba haliyeyuki humo kwa urahisi.

Na lina kaa. Kaa wa jenasi ya Platythelphusa wanaishi Ziwa Tanganyika peke yake, na mkubwa wao, Platythelphusa armata, ana magando ambayo hayalingani na kaa wa mtoni. Ni manene, na ndani yana vijino butu vilivyotuna kama magego, vya kupondea. Watafiti Kelly West na Andrew Cohen, pamoja na mwenzao, walichapisha mwaka 1991 matokeo ya kuwapima wote wawili, mshambuliaji na mshambuliwaji. Walivunja magamba kwa mashine ili kujua yanahimili uzito gani, wakawaweka kaa na konokono pamoja na kuwatazama, wakahesabu makovu. Konokono wa ziwa hili walikuwa na magamba yenye nguvu kuliko ya ndugu zao wa maji baridi, midomo iliyonenepeshwa, na makovu mengi ya mashambulizi yaliyoshindwa.

Miaka 5 baadaye, mwaka 1996, West na Cohen waliingia ndani zaidi kwa kutazama muundo wa magamba yenyewe. Walikuta plaiwudi. Konokono wa Tanganyika wamerundika tabaka juu ya tabaka za vibao vilivyopishana, kila tabaka likielekea upande wake, na wenye tabaka nyingi ndio waliokuwa wagumu kuvunjwa. Ufundi wa baharini haukuletwa na mkono wa bahari. Ulizaliwa upya, humu humu bara, kwa sababu adui wa aina ile ile alizaliwa upya.

Huu ni mmoja wa mifano iliyo wazi zaidi duniani ya jinsi viumbe visivyo na undugu wa karibu vinavyofikia umbo moja kwa kusukumwa na shida moja. Uko Kigoma, Bujumbura, Kalemie na Mpulungu. Unastahili kuwa kwenye vitabu vya biolojia vya sekondari katika nchi zote 4 zinazolizunguka ziwa, na mwanafunzi wa Ujiji angeweza kuushika mkononi bila maabara yoyote.

Wahandisi nao hawakukaa bure. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Canada, walichonga kwa leza mistari ya nyufa ndogo ndani ya kioo, wakiiga jinsi gamba linavyouongoza ufa, na kioo hicho kikawa kigumu kuvunjika mara 200 kuliko cha kawaida. Mwaka 2017 Grace Gu, Markus Buehler na wenzao wa taasisi ya MIT, Marekani, walitengeneza kwa printa ya 3D muundo unaoiga gamba la Strombus, wakauangushia uzito. Ulizuia nyufa kuenea kwa asilimia 85 zaidi ya malighafi imara kuliko zote walizotumia kuujenga. Walikuwa wanawaza kofia za kujikinga.

Lakini faida kubwa ya magamba ya Tanganyika inaonekana baada ya mwenyewe kufa. Konokono mkubwa kuliko wote ziwani, Neothauma tanganyicense, hufikia urefu wa sentimita 6 hivi. Akifa, gamba lake halimomonyoki upesi. Katika sehemu kadhaa za ziwa, magamba yake yamelala chini kama zulia, eneo baada ya eneo, na mengine yana umri wa mamia ya miaka. Juu ya zulia hilo umejengeka mji.

Wakazi wake ni samaki wa jamii ya sikilidi, ndugu wa mbali wa sato na perege. Neolamprologus multifasciatus, mmoja wa sikilidi wadogo kuliko wote duniani, huishi kwa koo, kila familia na magamba yake, ikichimba mchanga kuyazunguka. Akitokea adui, wote wanatumbukia ndani. Lamprologus callipterus ana mambo makubwa zaidi. Dume hubeba magamba kwa mdomo, moja baada ya jingine, mengine akiyaiba kwa jirani, hadi anapata rundo. Majike huingia ndani ya magamba kutaga mayai na kuyalinda, dume akilinda rundo zima. Jike lazima awe mdogo aweze kuingia. Dume lazima awe mkubwa aweze kubeba. Matokeo yake ni kwamba dume anaweza kuwa na uzito wa mara 12 ya jike, tofauti ambayo ni kubwa kuliko inayojulikana kwa mnyama yeyote ambaye dume ndiye mkubwa. Gamba moja la konokono limewapa samaki hao kipimo cha miili yao.

Ngome hizi zina adui ambaye vibao vilivyopishana havimzuii. Milima inayoshuka ziwani ikikatwa miti, mvua hushusha udongo, na udongo huo hufunika miamba ambayo konokono huparuza mwani wa kula. Utafiti wa Cohen na wenzake uliochapishwa mwaka 1993 ulionyesha kwamba fukwe zilizo chini ya milima iliyofyekwa zina aina chache za viumbe kuliko zile ambazo misitu yake bado imesimama. Tofauti hiyo mtu anaweza kuiwazia hata akiwa ndani ya boti, akisafiri kando ya Gombe, pale msitu wa hifadhi unapokoma na vilima vilivyo wazi vinapoanza.

Joto nalo linaongezeka. Maji ya juu yakipata joto zaidi hayachanganyiki vizuri na ya chini, na oksijeni haishuki. Konokono huishi katika ukanda wa juu tu wenye hewa, kwani vilindi vya Tanganyika havina oksijeni kabisa, na ukanda huo unapungua. Utafiti ulioongozwa na Cohen na kuchapishwa mwaka 2016 ulikadiria kwamba, katika maeneo yaliyochunguzwa, makazi ya chini ya ziwa yenye oksijeni yamepungua kwa asilimia 38 hivi tangu miaka ya 1940. Mashindano yaliyochukua mamilioni ya miaka hayawezi kumfundisha konokono kukabili badiliko la maisha ya mtu mmoja.

Miti ya kwenye miteremko inaweza kurudishwa, na halmashauri za kandokando ya ziwa zikiamua, kazi hiyo haihitaji utaalamu kutoka nje. Na msomaji atakayepata nafasi ya kushuka ufukweni Kigoma asubuhi moja, aokote gamba, alielekeze kwenye jua na kulizungusha taratibu. Akiona mstari uliopinda ghafla, kana kwamba fundi alisimamisha kazi kisha akaendelea, hapo ndipo kaa alipojaribu akashindwa. Akishalitazama, alirudishe majini. Huenda kuna samaki anayelitafuta.